Kamba ya Dafroza

Mwisenge, Musoma
14 Februari 1988

Shangazi Dafroza,

Kuna sauti moja inanifuata tangu Jumatano. Ni sauti ya jembe, lakini si la kulima. Jembe la kulima lina mwendo mrefu: mtu anainua, anapumua, anashusha. Hili lilikuwa fupi na la haraka, ta, ta, ta, kwenye udongo mkavu wa Agosti, nyuma ya jiko letu, karibu na minyaa. Nilikuwa na miaka mitano hivi. Ulinishika mabega ukanigeuza niangalie ziwa, ukaniambia, "Hesabu mitumbwi." Nilihesabu hadi jembe likanyamaza. Ilikuwa mitumbwi kumi na moja.

Nisamehe kwa kuanza na hayo kabla sijakuamkia. Shikamoo shangazi. Mama hajambo? Mguu wake je? Na kaka Magesa bado anavua na wale watu wa Kibara, au wameshagombania nyavu? Mwambie wifi yangu Hana kwamba namwombea ajifungue salama. Mimi ni mzima. Chumba changu cha Mwisenge kinavuja upande wa mlango tu. Madukani sasa kuna sabuni, sukari, hata vitenge vya Zaire. Kila kitu kimerudi, na watu wanaingia, wanaangalia, wanatoka. Nimempa kondakta wa basi la Kibara mche mmoja wa sabuni na chumvi. Akikwambia ni nusu mche, mkatalie.

Kazi inaendelea. Nilikueleza kwamba mradi huu wa afya ya watoto unalipiwa na nchi moja ya Ulaya, na kwamba watajenga zahanati tatu, kila moja na muuguzi wake na friji ya mafuta ya taa ya kutunzia chanjo. Vijiji viko kumi na viwili. Zahanati zitakwenda kule watoto wanakokufa zaidi, kwa hiyo lazima kwanza tuulize. Fomu ilikuja kwa Kiingereza na kazi ya kuigeuza Kiswahili nilipewa mimi. Swali la saba lilikuwa, "Umezaa watoto wangapi?" Nikawaambia wakubwa, huko kwetu mama haulizwi idadi ya watoto wake kama ng'ombe mnadani. Tuwaulize majina. Kila jina mstari wake, na pembeni tuandike yupo au hayupo. Mshauri wao, Bi. Kirsten, alifurahi sana, akaniambia hiyo ndiyo faida ya kuajiri mtu wa hapa hapa.

Jumatano tulifanya majaribio katika kijiji kimoja nyuma ya Butiama. Mama mmoja anaitwa Marieta alinitajia waliokufa akiwa anapembua ulezi, wanne, bila kuinua macho. Mumewe alikuwa anachimba shimo la nguzo nje. Ndipo ile sauti iliponirudia.

Shangazi, siku ile mlikuwa mnachimba nini?

Chisebe mtafikiwa mwezi ujao. Mimi siruhusiwi kuwauliza ndugu zangu, kwa hiyo atakuja kijana anaitwa Boniphace. Mpokeeni vizuri, ni mwoga wa maji.

Mwanao,
Hyasinta


Chisebe, Kibara
27 Machi 1988

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba. Sabuni imefika, mche mzima, kondakta nilimtazama tu akautoa wote. Naandika taratibu, unajua mwandiko wangu ni wa kisomo cha jioni na mwalimu wetu alikuwaga anasinzia.

Huku hatujambo. Mama yako mguu unamsumbuaga asubuhi, jua likipanda anasahau. Magesa bado yuko na nyavu zake. Sangara ni wengi, furu, wale samaki wadogo wa zamani, wamekwisha, watoto wanakula samaki mkubwa kuliko wao na hawajui ladha ya samaki. Hana amejifungua tarehe tatu mwezi huu. Nilimpokea mimi mwenyewe. Mtoto wa kiume, mzito, analia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Anaitwa Silasi. Nyumba imechangamka tena.

Huyo Boniphace wako alikuja. Alivaa viatu vya ngozi ndani ya mtumbwi! Kushuka tu akaacha kimoja kwenye tope. Akina mama walikitafuta kwa mikono huku wanacheka mpaka wanakaa chini. Eufrasia akamuuliza, "Kaka, umeoa?" Akasema bado. "Sasa mambo ya uzazi tukikwambia utayaelewa?" Akasema, "Naandika tu, mama." "Haya andika, lakini usiangalie sana." Maskini, alitoka jasho mpaka karatasi ikalowa. Mama yako alimlisha ugali wa muhogo, akala kama mtu.

Wamelipenda hilo swali lako la majina. Wamesema aliyelitunga amelelewa. Mimi nikasema ni binti wa kaka yangu Bernado.

Kuhusu jembe, Agosti udongo ni mgumu, watu wanachimbaga mashimo ya takataka. Ulikuwa mtoto, usijichoshe kichwa. Je, hakuna mtu huko Musoma anayekuulizia kwetu? Umri unakwenda.

Mimi shangazi yako,
Dafroza


Mwisenge, Musoma
8 Mei 1988

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Nasikia njia ya kutoka Bunda imekatika, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini. Hongera kwa mjukuu. Mimi nakula, nalala kidogo. Hakuna anayeniulizia, na akitokea nitamwambia aanzie kwako.

Tumemaliza kujumlisha. Chisebe imekuwa ya kwanza, shangazi, ya kwanza kwa uzima. Katika vijiji vyote kumi na viwili hakuna kinachokaribia. Wazazi arobaini na saba waliulizwa, na kwa miaka mitano yote wamepoteza watoto watatu tu. Bi. Kirsten alisimama mbele ya ubao akaniuliza, "Hyasinta, akina mama wa kwenu wanafanya nini? Nataka kwenda kujifunza kwao." Wenzangu wakanipigia makofi. Na mimi nilicheka. Nilifurahi, sikufichi, nilifurahi muda wote wa kunywa chai.

Halafu wakasoma vijiji vitatu vya zahanati. Chisebe haimo. Kwa nini iwemo, wakati watoto wake hawafi?

Mchana nilibaki ofisini peke yangu nikaitafuta fomu ya Hana. Mstari mmoja. Silasi, yupo.

Mwaka jana mwezi wa sita ulimtuma kondakta aniite. Nilikuja nikakaa siku tatu. Nilimwona Silasi amefunikwa kanga ya njano, madoa ya surua bado yako usoni. Hana alikuwa hawezi kusimama. Iweje fomu iwe na Silasi mmoja, naye yupo?

Nimeijua sababu, nawe unaijua tangu zamani. Kwetu mtoto akiondoka, anayemfuata anapewa jina lake, na kuanzia siku hiyo wanakuwa mtoto mmoja. Ukisema yule wa kwanza alikufa, unamwonyesha wa pili njia. Nimekulia ndani ya desturi hiyo kiasi kwamba sikuwahi kuitazama. Nikakaa Musoma na kalamu yangu, nikajiona mwerevu, nikasema tusiulize idadi, tuulize majina. Kila jina mstari mmoja! Kama wangeulizwa idadi labda wangekasirika, wangenyamaza, na mtu angeshtuka. Mimi nimewapa swali la adabu na wamenijibu kwa adabu. Katika kila nyumba ya Chisebe nimezika mtu mara ya pili.

Nilipofika hapo nikaikumbuka ile mitumbwi kumi na moja. Magesa wetu alizaliwa mwaka mmoja baada ya jembe lile. Shangazi, kulikuwa na Magesa mwingine?

Nijibu upesi. Wakubwa wa wafadhili wanakuja tarehe 24 Agosti kuthibitisha vijiji. Baada ya hapo hakuna kugeuza.

Hyasinta


Chisebe
30 Juni 1988

Hyasinta,

Barua yako ilifika njia ilipofunguka. Haikuja kwangu. Kondakta alimkuta mama yako sokoni Kibara akampa yeye, naye akampa Magesa amsomee.

Umeandika jina la mtoto yule. Umeandika mara tatu na habari zake zote, pamoja na kanga. Magesa alisoma kwa sauti Hana akiwa anamnyonyesha huyu. Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Leo ni siku ya nne. Hanyonyi vizuri, kifua kinapiga.

Mama yako haendi shamba. Amekaa tu. Barua nimeichoma.

Hayo mambo ya zahanati ni mazuri, lakini wewe hukuwahi kubeba mimba. Usiniandikie tena majina ya watu. Mimi nimewapokea kwa mikono hii, nayajua bila kuambiwa na karatasi.

Dafroza


Mwisenge, Musoma
9 Julai 1988

Shangazi,

Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Hajambo mtoto? Sitaandika jina. Nimeisoma barua yako hadi imechanika kwenye mikunjo. Kila basi la Kibara likiingia naenda stendi kumtazama usoni kondakta kabla sijamuuliza chochote. Jana aliniambia, "Dada, mimi sijui kitu, acha kuniangalia hivyo."

Sina hakika kama niamini kwamba barua yangu imemletea mtoto homa. Nimesoma, najua kifua cha mtoto kinapiga kwa sababu gani. Lakini nimegundua kwamba nimeacha kutaja jina lake hata nikiwa peke yangu chumbani. Basi na mimi ni mtu wa Chisebe, fomu au hakuna fomu.

Nilikwenda kwa mratibu wetu, Bwana Felisian. Nilimwambia swali la saba halifai kwa kijiji chetu, na labda kwa vijiji vyote vya ziwani. Alivua miwani. "Dada Hyasinta, swali hilo si lako?" Nikasema ni langu. "Na ripoti si imeshapigwa chapa?" Nikasema imeshapigwa. "Unataka niwaambie wafadhili kwamba kijiji cha mfano hakina mfano? Nionyeshe mama mmoja aliyesema. Mmoja." Sikuwa naye. Akashusha sauti kama baba: "Kuna ile nafasi yako ya masomo. Usiichezee."

Sijakueleza habari hiyo. Wamenipa nafasi ya kwenda kusoma kwao mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Nilitaka kukuambia kwa furaha, sasa nakuambia hivi hivi. Ninashughulikia pasipoti. Wanataka kiapo cha kuzaliwa na cheti cha ubatizo. Nimekitoa kile cheti changu nilichoandikishiwa shule, na safari hii nimekisoma. Kinasema nilizaliwa 1959. Mama amenisimulia tangu utoto kwamba nilizaliwa wiki ileile bendera ya Uhuru ilipopanda, na 1959 hakukuwa na bendera yoyote. Shuleni walinitania kwamba ni mdogo kuliko umri wangu, wakaniita Karanga. Nadhani katekista alikosea mwaka. Sijui. Siku hizi nikikuta kosa kwenye karatasi nalitazama mara mbili.

Naogopa kuzungumza na usiponijibu nitaogopa zaidi. Shangazi, sikuombi jina la mtu. Naomba uniambie kama nimekosea. Kama watoto watatu ni kweli, niandikie "kweli" tu, nitanyamaza, nitasafiri. Lakini kama si kweli, zahanati inatupita kwa sababu yangu. Hana atazaa tena na hospitali ya Bunda itakuwa mbali vilevile.

Nakutumia panadol na unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha mtoto akiharisha. Maji yachemshwe.

Mwanao, kama bado,
Hyasinta


Chisebe
12 Agosti 1988

Mwanangu,

Mtoto yupo. Naanza na hilo kwa sababu najua utakuwa umesimama.

Sikukujibu kwa sababu hatukuwepo. Siku ya sita mtoto alianza kubadilika rangi ya midomo. Nimewapokea wengi, rangi hiyo naijuaga. Nikamwambia Magesa asukume mtumbwi. Kutoka hapa mpaka Kibara upepo ulikuwa wa mbele, Hana amemfunika mtoto kifuani. Kibara tukapata lori la samaki. Dereva akasema hakuna nafasi, nikamwambia nitakaa juu ya sangara wako, akasema, "Mama, utanuka," nikasema mimi mkunga, nimenuka vingi. Tukafika Bunda tunateleza.

Hospitali muuguzi akamuuliza Hana, "Huyu ni wa ngapi?" Hana akamvuta mtoto karibu. "Mama, nataka kujua dawa. Mwingine aliwahi kuugua hivi?" Mimi nikatazama ukuta. Nikasikia Hana anasema, "Ndiyo. Alikuwepo mwingine. Alikufa." Alisema na mtoto yuko mapajani mwake, anamsikia. Muuguzi akaandika tu, akaenda kuchukua sindano. Tulikaa wiki mbili na nusu. Mtoto alipona, Hyasinta. Alitajwa na akapona. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi na bado nalifikiria, maana miaka yote nimekuwa nikiwaambia wanawake wanyamaze.

Si kweli watatu.

Majina sikupi. Hayo ni ya mama zao, hata mimi sina ruhusa. Nakupa kamba yangu. Hujawahi kuiona, hakuna aliyewahi kuiona isipokuwa baba yako, maana uzi huo wa nyavu nilimwomba yeye. Nilipoanza kazi nilikuwa sijui kusoma. Kila mtoto niliyempokea nilifunga fundo. Akiondoka kabla hajaota meno yote, narudi kwenye fundo lake nafunga jingine juu yake, linakuwa nene, unalijua kwa kidole hata gizani. Kila Krismasi nafungaga kipande cha nguo, kwa hiyo miaka utaiona. Hesabu mwenyewe. Mafundo si majina, hayawezi kumwita mtu.

Sasa jambo lingine. Mama yako hakutaka nikwambie, nilimwomba kwa siku mbili. Mwishoni akasema, "Mwambie wewe, mimi niondoke kwanza." Akaenda ziwani na ndoo ambayo haikuwa tupu.

Katekista hakukosea. Shika kamba pale inapoanza, kwenye kitambaa chekundu. Fundo la kwanza ni la mtoto wa Kibara, la pili ni la mwanangu mimi. La tatu ni nene. Hilo ni la mama yako, mwaka 1959. Alikuwa mtoto wa kike, alikuwa ameanza kutambaa. Ukiendelea mbele utakuta vitambaa, na kabla ya Krismasi ya Uhuru kuna fundo jembamba. Hilo ni wewe. Padri alikubatiza vizuri, usiwe na hofu, mimi nilikuwepo. Lakini alipotaka kuandika cheti mama yako alikataa. Alisema, "Mtoto huyu ana cheti chake," akakitoa kwenye kanga.

Na lile jembe ni kweli. Aliyekuwa anachimba ni baba yako, pembeni ya yule wa fundo la tatu. Nilikugeuza kwa sababu ulikuwa na macho makubwa, uliangaliaga kila kitu. Ungeuliza. Na kweli umeuliza, umechelewa tu miaka ishirini na miwili.

Kamba irudishe. Bado nafanya kazi.

Shangazi yako,
Dafroza


Bunda
28 Agosti 1988

Shangazi Dafroza,

Shikamoo, wewe na mama na Hana. Mbusu mtoto kwenye unyayo, huko hakuna jina. Naandika nikiwa nyumba ya wageni hapa Bunda karibu na stendi, juu ya sanduku langu, kwa sababu meza ina mguu mmoja mfupi. Barua hii atatangulia nayo kondakta. Mimi nitafuata keshokutwa. Nimeona ni afadhali uyajue haya kabla hujaniona, ili ukinikasirikia uwe umeshaanza.

Kamba ilinifikia tarehe 20, ndani ya pakiti ya dagaa kama ulivyoificha. Nilifunga mlango nikakaa chini. Nilianza upande wa sasa, nikarudi nyuma vitambaa vitano. Mafundo sitini na manne. Yaliyo manene ni kumi na tisa. Nilirudia mara tatu, kwa macho, kisha kwa kidole nimefumba macho. Kumi na tisa. Fomu yangu inasema watatu.

Halafu nikaenda mwanzo, kwenye kitambaa chekundu. Nilikuwa nadhani nitalia, lakini nilichosikia ni kama mtu amesogea kwenye benchi ili nikae. Miaka yote nimetumia cheti chake. Nimesoma kwa cheti chake, nimeajiriwa kwa cheti chake, na nilikuwa karibu kupanda ndege kwa cheti chake. Yeye hajawahi hata kuandikwa kwamba hayupo.

Tarehe 24 wageni walikuja, watu wanne na mkalimani wao kutoka Dar es Salaam. Bwana Felisian alisoma ripoti. Alipofika Chisebe, nilisimama. Sikuwa nimeomba nafasi. Nilizunguka meza nikaiweka kamba mbele ya Bi. Kirsten, juu ya karatasi zake, bado inanuka dagaa. Bwana Felisian akasema kwa Kiswahili, taratibu, huku anatabasamu kwa wageni, "Dada Hyasinta, unataka wafadhili wasome kamba ya wavuvi?" Nikamjibu kwa Kiingereza ili wote wasikie, kwamba ndiyo, nataka, kwa sababu imeandikwa na mtu aliyekuwepo.

Nilieleza. Sikutaja mtu yeyote, si wifi, si kaka, si jirani. Nilisema desturi ni ipi, swali lilikuwa lipi, na kwamba swali hilo nililitunga mimi ingawa nilizaliwa humo. Mmoja wa wageni akauliza kama kuna ushahidi wowote wa maandishi. Hapo nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandika asubuhi na kuitia sahihi. Nimejibakizia nakala. Inasema hivi:

"Mimi Hyasinta Bernado ndiye niliyetunga swali la saba, nalo limeficha vifo vya watoto katika kijiji cha Chisebe. Fomu ya nyumba ya mama yangu irekebishwe kama ifuatavyo. Hyasinta, alizaliwa 1959, hayupo. Hyasinta, alizaliwa 1961, yupo."

Ni jina moja tu, shangazi. Niliona hilo nina haki nalo.

Bi. Kirsten aliichukua kamba akaipitisha kati ya vidole, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Alisimama kwenye fundo moja nene akaniuliza, "Hili?" Nikamwambia sijui ni nani, na hata mwenye kamba hatakwambia. Hakuuliza tena.

Uamuzi wao ni huu. Vijiji vyote vya ziwani vitaulizwa upya, na swali litatungwa na wakunga wenyewe. Zahanati zote tatu zimesimamishwa mpaka Desemba. Hakuna aliyeahidi Chisebe kitu. Sikukuletea zahanati, nimekuletea nafasi ya kuulizwa vizuri. Bwana Felisian aliniambia kwenye korido kwamba nimewachelewesha watu miezi minne kwa ajili ya kwetu, na siwezi kusema amekosea. Kwa hiyo jana, kabla ya kuja hapa, nilipitia kile kijiji cha nyuma ya Butiama. Nilitaka Marieta alisikie kwangu.

Alikuwa anakamua. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akasema, "Kwa hiyo wafu wenu walikuwa wamejificha, na wetu waliojitokeza ndio wasubiri?" Akanijazia kibuyu cha maziwa, akanisukumia kifuani. "Kunywa uende. Kawahesabu upesi hao wenu, mimi mimba yangu ni ya Januari." Nilikunywa nimesimama. Nitaandika jina lake kwenye kila barua nitakayopeleka ofisini mpaka Desemba, na hilo alinipa ruhusa.

Masomo nimeyaacha. Usimlaumu mtu, hawakuninyang'anya. Nilirudi uhamiaji Alhamisi nikaondoa maombi yangu, kwa sababu cheti nilichowapa si changu. Afisa alisema ningeweza kunyamaza, tofauti ni miaka miwili tu, nani atajua? Nikamwambia wapo wawili wanaojua na mmoja hawezi kusema. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Ijumaa nilikwenda parokiani kuomba waangalie daftari la 1961. Mimi nimo, mstari wa chini kabisa wa ukurasa. Wameniandikia cheti changu. Kile cha kwanza ninacho, nimekifunga kwenye kanga pamoja na kamba yako, na vyote viwili vinarudi nyumbani.

Chumba cha Mwisenge nimekirudisha kwa mwenyewe. Nimemwomba Bi. Kirsten niwe mmoja wa watakaouliza upya huku ziwani, kwa posho tu, akakubali, bila ya kiti changu cha ofisini. Nitakaa kwako, kama utanipokea, kwa sababu sijui kama mama atataka nilale kwake. Ninaogopa kumwona. Ninaogopa pia lile jambo lingine, nimeliandika jina letu mara mbili kwenye karatasi moja, moja yupo na moja hayupo, na karatasi hiyo imekwenda Dar es Salaam. Leo ni siku ya nne. Sijapata hata mafua. Nimejikagua ulimi kwenye kioo cha hapa, ni mwekundu.

Mwambie mama asijipeleke ziwani na ndoo iliyojaa. Nitashukia upande wa minyaa, nitapita kwanza nyuma ya jiko. Wako wawili pale na nimewapita miaka yote nikienda kuosha vyombo. Akitaka, anikute hapo. Asipotaka, nitangoja, na safari hii nitakuwa nimeligeuzia ziwa mgongo.

Mwanao,
Hyasinta wa pili